Kuumwa na Mbwa Siku ya Sabato

Nilipanda lori la chumvi pale Voi nikaambiwa mwisho wake ni Isebania. Sikujua Isebania iko wapi. Nilijua tu kwamba dereva alihitaji mtu wa kuzungumza naye asije akasinzia, na mimi nilikuwa nimechoka kuona vilima vile vile vya Taita kila nikifungua mlango. Nimekuwa hivyo tangu nimalize kidato cha nne. Nikikaa mahali miaka miwili mitatu, miguu inaanza kuwasha, na nikishaondoka naanza kupatamani pale pale nilipopakimbia.

Safari ilikuwa ndefu kuliko Kenya niliyoijua. Nje ya Nairobi tulilala kando ya barabara, tukateremka bondeni ukungu haujatoka, tukakatiza mashamba ya ngano ya Narok, tukapita chai ya Sotik. Kisii ilikuwa migomba na mvua. Halafu nchi ikaanza kushuka na joto likarudi, miwa ya Awendo ikasimama pande zote mbili za barabara, na dereva akasema, "Sasa tumeingia kwa Wajaluo wenyewe. Hapa Kiswahili chako cha Pwani watakicheka, lakini watakusikiliza." Migori tulisimama kula samaki. Isebania tulifika jua likiwa utosini, malori yamepanga foleni hadi mpakani, wabadilishaji pesa wakikimbilia kila dirisha. Dereva alishusha chumvi yake akageuza. Mimi nikabaki.

Nilibeba mizigo pale mpakani kwa muda, kisha nikasikia habari za dhahabu ya Osiri, nikaenda. Dhahabu haikunitaka. Nilibeba mawe, nikavuta vumbi, nikakohoa. Lakini Osiri ndiko nilikokutana na mtu aliyekuwa anahangaika na waya za sola juu ya kibanda cha vyakula, nikamwonyesha alipokosea, kwa kuwa nilijifunza umeme kidogo katika shamba la mkonge nyumbani. Mtu huyo alikuwa msimamizi wa kampuni moja ya sola yenye ofisi Homa Bay. Kabla ya juma kuisha nilikuwa na fulana ya njano na begi la vifaa, na eneo langu lilikuwa kuanzia Osiri hadi Karungu kwenye ziwa.

Hatukuitwa wafanyakazi. Tuliitwa mawakala. Kila asubuhi msimamizi alipiga simu akasema nenda kwa fulani, paneli imepasuka, nenda kwa fulani, betri haishiki moto. Nikaenda. Sikufikiri sana juu ya jina. Watu wote waliniita fundi, na hilo lilinitosha.

Kazi niliipenda, ila mbwa. Boma za upande ule zimezungushiwa ua wa manyara, na kila boma ina lango, na nyuma ya kila lango kuna mbwa ambaye hajawahi kusikia habari yako. Nilijifunza kusimama nje na kupiga hodi hadi mtu ajibu. Nilijifunza kuinama kama naokota jiwe, maana mbwa wa huko wanaelewa jiwe kuliko fimbo. Wenyeji walikuwa wakinicheka. "Fundi, unaogopa hiyo kitu? Hiyo inabweka tu." Nilicheka nao. Sikuwaambia nilichokijua.

Nilichokijua ni hiki. Nilipokuwa mdogo, katika kambi ya mkonge, mlinzi wa stoo aliumwa na mbwa akiwa zamu. Jeraha dogo tu mkononi. Alifunga kitambaa akaendelea kulinda. Jeraha likapona, watu wakasahau, yeye mwenyewe akasahau. Miezi ikapita. Kisha siku moja akasema koo linamuuma, na mkewe alipomletea maji akayasukuma kikombe kikaruka. Walimfungia chumbani kwa sababu hapakuwa na la kufanya. Sisi watoto tulikatazwa kupita pale, lakini chumba kilikuwa njiani kwenda bombani, na sauti iliyotoka mle ndani sijawahi kuisikia tena kwa mtu wala kwa mnyama. Baada ya mazishi mkewe alikwenda ofisini kwa meneja. Akaambiwa mumewe aliumwa na mbwa, hakuumizwa na mashine.

Basi nilikuwa na sababu zangu.

Ijumaa moja, msimu wa mvua, msimamizi alinipigia jioni. "Kuna mzee upande wa Karungu, taa ya vifaranga imezimika. Vifaranga ni wengi na baridi ndiyo hii. Nenda kesho mapema."

"Kesho ni Jumamosi," nikamwambia.

"Najua kesho ni nini. Nenda kimya kimya. Utakuta wako kanisani."

Lazima nieleze. Upande ule Wasabato ni wengi, na Jumamosi hawafanyi kazi wala hawaagizi mtu awafanyie. Wakati fulani kampuni ililalamikiwa kwa kupeleka mafundi siku hiyo, na tangu hapo ikatoka amri kwamba Jumamosi hakuna fundi kuonekana upande ule. Mzee aliyetuita alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kusimama mbele na kusoma maandiko. Nilimfahamu. Ni yeye aliyenikaribisha nyumbani kwake mara ya kwanza nilipokwenda kufunga sola, akasema mgeni hafanyi kazi kabla ya kula, nikala samaki mkubwa hadi nikashindwa kupanda ngazi.

Nilipofika Jumamosi, mzee alikuwa ameshakwenda kanisani. Mkewe alibaki kwa sababu ya vifaranga, ambao alikuwa amewapasha joto kwa jiko la makaa usiku mzima, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. Alinifungulia lango mwenyewe. Mbwa wao, dume wa rangi ya majani makavu, alikuwa amefungwa nyuma ya jiko. Hakubweka. Hilo nilipaswa kulitazama. Mbwa yule alizoea kubweka hadi sauti ikamkauka, na siku ile alilala tu kichwa chini, mate yakimtoka.

Mama alinipa ngazi. Nilipanda, nikakuta waya umegugunwa na panya, nikaufunga. Taa ikawaka na mama akapiga vigelegele vya chini chini, vya mtu anayekumbuka ni Sabato. Nikashuka. Mguu mmoja ulikuwa chini na mwingine bado uko kwenye ngazi nilipohisi kitu kimenishika kwenye shavu la mguu. Sikusikia mlio wowote kabla. Sikuona kamba ilivyokatika. Nilitazama chini nikaona macho ya mbwa yakiwa hayanitazami mimi, yakitazama mahali pengine kabisa, na meno yake yakiwa ndani ya mguu wangu.

Mama alimpiga kwa ufagio, kisha kwa sufuria. Aliniachia, akatembea kwa kuyumba hadi kwenye kivuli cha ghala, akaanza kuuma mti.

Sikulia. Nilikaa chini. Nilikuwa nikisikia bomba la kambi ya mkonge likitiririka.

Wakati huo mzee aliingia kutoka kanisani, koti jeusi, Biblia kwapani. Mama akamweleza kwa Kijaluo, haraka haraka. Mzee aliweka Biblia juu ya kiti, akachukua mpini wa jembe, akamwendea mbwa na kumpiga kichwani hadi akaisha. Kisha akarudi kwangu, jasho likimtoka ndani ya koti, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Fundi, nisamehe. Mgeni wangu hawezi kuumwa kwangu halafu hiyo mbwa ikae inakula ugali wangu. Nimemaliza."

Alitaka kunionyesha heshima, na kwa kweli katika mila za pale hakuna namna kubwa zaidi ya kuomba radhi. Aliua mbwa wake mwenyewe, siku ya Sabato, akiwa amevaa nguo za kanisani. Mama naye alikata manyoya ya mgongo wa yule mbwa, akayachoma kwenye kigae, akanipaka majivu yake kwenye jeraha. Alisema bibi yake alifanya hivyo. Alipokuwa akipaka, akasema polepole, kama anajisemea mwenyewe, "Alikuwa amepotea. Siku kadhaa. Alirudi juzi."

Mzee alimburuta mbwa hadi kwenye shimo la zamani la dhahabu lililoachwa mbele ya boma, moja ya yale mashimo ambayo ukitupa jiwe husikii likifika. Akamtupa humo.

Bodaboda ilinipeleka kliniki. Mhudumu, ambaye wote pale walimwita daktari, alitazama yale majivu akashusha pumzi. Alinisugua kwa sabuni chini ya bomba kwa muda mrefu, bila huruma, huku akiuliza maswali.

"Mbwa yuko wapi?"

"Amekufa."

"Amekufa mwenyewe?"

"Ameuawa."

Mkono wake ukasimama. "Kwa nini mmemuua? Angefungwa tungemwangalia siku kumi. Akiwa mzima, na wewe ni mzima. Sasa kichwa kiko wapi? Tungekipeleka kwa watu wa mifugo wakipime."

"Kiko shimoni."

"Shimo la choo?"

"La dhahabu."

Alitikisa kichwa. "Basi tunahesabu kwamba alikuwa na kichaa. Utachomwa sindano zote. Hii ya kwanza nitakutafutia leo. Nyingine utanunua mjini, hapa hazikai. Na usikose hata moja, umenisikia? Hata moja."

"Nikikosa?"

Alinifunga bandeji, akaniandikia tarehe za kurudi.

Nilimpigia msimamizi nikiwa bado kwenye benchi la kliniki. Nilimweleza yote. Aliuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Jumamosi? Nani alikutuma Jumamosi?"

"Wewe."

"Omera, ndugu yangu, mimi sikukutuma popote. Wewe ulienda kutembea kwa rafiki yako. Pona haraka." Akakata.

Naamini alikuwa akiogopa kama mimi. Amri ya kampuni ilikuwa wazi na kazi yake ilikuwa ya kumlisha yeye na watoto. Lakini siku zile sikuwa na nafasi ya kumhurumia. Nilikuwa na sindano moja mwilini, nyingine zikinisubiri mjini, na akiba yangu ilikuwa imeishia kwenye ile bodaboda na dawa za maumivu.

Kila asubuhi nilikuwa nikijaza kikombe maji na kuyatazama. Nilikuwa nayainua polepole hadi mdomoni nikisikiliza koo langu. Yakipita, nilikuwa nakaa kitandani nikitetemeka kwa furaha, na baada ya muda mfupi nilikuwa nataka kujaribu tena. Mate yakinijaa mdomoni niliogopa. Mdomo ukikauka niliogopa. Upepo ukipiga bati niliruka. Jirani alifunga mbuzi wake karibu na dirisha langu, na mbuzi alipokohoa nilitoka nje bila viatu.

Sindano ya pili nililipia kwa kuuza simu yangu nzuri. Ya tatu sikujua itatoka wapi.

Ndugu za mzee walikuja kuniona, wanaume watatu wenye heshima zao, na mbuzi mweupe. Hawakukaa kwanza, kisha wakakaa.

"Fundi," mkubwa wao akasema, "hii mambo ni ya nyumbani. Tusipeleke mbali. Wewe ni mtu wetu sasa."

"Mimi ni jamwa," nikamwambia, neno lao la mtu wa kuja.

Wakacheka. "Jamwa anayekula mgongo wa samaki mbuta hadi ashindwe kusimama? Wewe ni mtu wetu. Chukua mbuzi, tumalizane."

Mbuzi yule nilimtazama sana. Nilihesabu kichwani sindano ngapi ziko ndani ya mbuzi mmoja. Lakini niliogopa kwamba nikimpokea, nitakuwa nimesema mambo yamekwisha, na ndani ya mguu wangu hayajaisha. Nikawaomba wamrudishe. Waliona nimewadharau. Waliondoka bila kunywa chai.

Mwanamke aliyekuwa akiniuzia chapati ndiye aliyeniambia niende ofisi ya kazi Homa Bay. Shemeji yake alikatwa kidole na mashine ya kusaga akasaidiwa huko. Nilikwenda nikiwa sina imani. Nilidhani nitaambiwa niliumwa na mbwa, sikuumizwa na mashine.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, na hilo peke yake lilinifanya nitake kulia.

"Wakala," akasema. "Nani anakupangia pa kwenda?"

"Msimamizi."

"Ukikataa?"

"Siku inayofuata simu haiji."

"Fulana ni ya nani? Vifaa ni vya nani?"

"Vya kampuni."

"Basi jina walilokupa ni lao. Sheria inaangalia unavyofanya kazi." Akaniambia mambo ambayo laiti yule mjane wa mkonge angeambiwa. Kwamba mtu akiumia akiwa kazini, awe kibarua au wa kudumu, hata kama mkataba wake ni wa mdomo tu, mwajiri ndiye wa kubeba matibabu na fidia. Kwamba mbwa, nyoka, mashine, sheria haichagui kilichokuuma, inauliza ulikuwa wapi na unafanya nini. Kwamba kumwambia msimamizi kwa simu kulihesabika kuwa taarifa, ila nimwandikie pia ili asikane. Kwamba mwajiri asipoleta habari ofisini, naweza kuileta mimi, na nisiache mwaka upite. Niende polisi wakaandike kwenye OB, kitabu chao cha matukio, nitunze kila karatasi ya hospitali.

"Na mwenye mbwa?" nikauliza.

"Huyo ni njia nyingine. Unaweza kumpeleka mahakamani, hasa kama alijua mbwa ana shida na akamweka. Hiyo ni haki yako, sikukatazi. Lakini kesi inakwenda polepole na sindano zako zina tarehe." Akavaa miwani. "Kwa hii ya kampuni kuna kitu kimoja tu. Wao watasema hukuwa kazini. Nani alikuona ukifanya kazi?"

Nikasema mzee na mkewe. Akaandika barua za kuwaita wote.

Kabla ya siku ya kukutana ofisini nilikwenda hadi kwenye lango la mzee. Sikuingia. Nilisimama mbali, nikaita. Mzee alitoka, tukazungumza barabarani.

"Baba, watakuuliza kama nilikuja kazini."

Aliangalia miguu yake. "Ulikuwa mgeni wangu, fundi."

"Nilikuja kutengeneza taa."

"Ulikuwa mgeni wangu," akarudia, kwa upole, kama anayenipa zawadi. Ndipo nikaelewa. Kusema niliitwa kazini ilikuwa kusema mzee wa kanisa aliagiza kazi ifanyike siku ya Sabato. Kila mtu pale Karungu angeisikia kabla mzee hajarudi nyumbani. Tarehe ya sindano ya tatu ilikuwa siku moja tu baada ya ile ya kukutana.

Ofisini tulikaa kwenye viti vya plastiki. Msimamizi alikuja na shati lililopigwa pasi na hakunitazama. Mzee alikuja na lile koti jeusi. Mama alikaa nyuma kidogo, kitambaa kichwani, mkoba mapajani.

Msimamizi akaanza. "Madam, upande ule wote ni Wasabato. Jumamosi hatutumi mtu, ni amri. Huyu alienda kwa marafiki zake kula kuku."

"Kuku gani?" nikasema. "Walikuwa vifaranga."

Afisa alificha tabasamu. "Mzee, huyu kijana alikuja kwako kufanya nini?"

Nilikuwa nimepita miaka arobaini, lakini hakuna aliyecheka.

Mzee alisimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame. "Alikuwa mgeni wangu."

"Mgeni wa kufanya nini?"

"Mgeni tu. Watu wanatembeleana."

Msimamizi akakunja mikono. Nilihisi koo langu linajifunga na nikaogopa kwamba ndilo lile, ndilo sasa, hapa mbele za watu. Nilikuwa namtafuta mtu mwenye maji.

"Mgeni gani tunapandisha juu ya paa?"

Ilikuwa sauti ya mama. Mzee akageuka, akamwambia kwa Kijaluo anyamaze. Hakunyamaza.

"Madam, mgeni tunampea kiti. Huyu tulimpea ngazi. Alikuwa ameshika waya, mimi mwenyewe nilimshikia ngazi. Mbwa ilimshika akiteremka. Mguu moja ilikuwa bado juu."

"Mama," msimamizi akasema, "si unajua siku hiyo ilikuwa Sabato?"

"Najua. Nimekuwa Msabato kabla wewe hujazaliwa. Vifaranga walikuwa wanakufa." Akamgeukia mumewe. "Baba, mimi ndiye nilimpaka majivu. Nikisikia amekufa kwa sababu tuliogopa watu wa kanisa, nitaimba na mdomo gani?"

Nje mtu alikuwa akijaribu kuwasha pikipiki, inakataa.

Mzee alikaa chini. Alitoa leso akafuta uso, akaikunja vizuri, akairudisha mfukoni. "Nilipiga simu Ijumaa," akasema. "Jua lilikuwa halijazama. Hiyo iandikwe."

"Itaandikwa," afisa akasema.

"Nilimpigia huyu." Alimwonyesha msimamizi kwa mdomo. "Nikamwambia atume fundi leo leo. Yeye ndiye akasema, baba, leo hakuna fundi, kesho ukitoka kanisani utakuta taa inawaka. Mimi nikasema sawa." Akamgeukia afisa. "Nilisema sawa. Hilo pia liandikwe."

Msimamizi alitoa simu yake akaanza kuitazama, akipitisha kidole juu yake ingawa kioo kilikuwa kimezima. Afisa alimwambia atoke nje azungumze na wakubwa wake. Aliporudi alisema kampuni itabeba sindano zote zilizobaki na kurudisha zile nilizolipia, na mengine ya fidia yataendelea kwa maandishi. Afisa mwenyewe alipiga simu hospitali kuhakikisha dawa ipo. Kesho yake nilichomwa ya tatu. Mkono wa muuguzi ulikuwa wa baridi na mimi nilikuwa namshukuru kila nilipopumua, hadi akaniuliza kama niko sawa.

Simu za asubuhi hazikuja tena. Afisa aliniambia hata hilo naweza kulilalamikia, mtu hafukuzwi kwa kudai haki yake, na alisema kweli. Lakini nilijua jambo ambalo sikumwambia. Hata simu ingekuja nisingekwenda. Nilikuwa nimejaribu mara moja kusimama kwenye lango la mteja mwingine, na nilipomsikia mbwa akitikisa mnyororo ndani ya manyara, begi lilinidondoka na nikajikuta barabarani mbali na pale, nikiwa nimekimbia bila kujua. Fundi wa sola asiyeweza kuingia bomani hana kazi.

Nilichomwa sindano ya mwisho. Daktari wa Homa Bay, baada ya kunichoma, alisema sasa nimemaliza, niende nikaishi. Nilimuuliza mara mbili. Akasema mara mbili. Nilifunga begi langu siku ile ile. Ile kesi ya mwenye mbwa sikuifungua na sitaifungua.

Nilipita kwa mzee kuaga. Kulikuwa na mbwa mpya, mtoto, tumbo limejaa maziwa, masikio yameanguka. Alikuja hadi langoni akinitikisia mkia.

"Ingia, fundi," mzee akasema. "Huyu bado hajui kuuma hata ugali."

Sikuweza. Nilicheka, nikasema nina haraka. Akatoka yeye. Mama alikuwa ameenda sokoni kuuza kuku, wale wale, sasa wakubwa. Nilimuuliza habari za kanisa.

"Nakaa nyuma," akasema. "Wamesema nipumzike kidogo kusoma mbele. Ni sawa. Nyuma kuna upepo." Kisha akasema, "Mama yako naye wamemnunia. Yeye anaimba kwa nguvu kuliko zamani."

Alinishika mkono kwa mikono miwili kama siku ile. "Utarudi?"

"Sijui, baba."

Alikubali kwa kichwa. Alijua jibu na hakunilazimisha kulisema.

Bodaboda iliyonipeleka barabara kuu ilipita njia ya boma nyingi, na mbwa wa kila boma walitoka kutukimbiza, kama mbwa wa huko wanavyofanya kwa kila pikipiki tangu pikipiki zifike. Niliinua miguu yote miwili hadi usawa wa tangi, begi limenikaba shingoni.

"Mzee, shusha miguu!" kijana akapiga kelele. "Utatuangusha!"

Sikushusha. Alitukana, akacheka, akaongeza moto, na mbwa wakawa wanabaki nyuma mmoja mmoja katika vumbi. Wa mwisho alirudi kwao tulipoiona lami. Hapo ndipo nilipoteremsha mguu mmoja, nikausikiliza kwanza, kisha wa pili.